Nilivyosaka ukurasa wa mwisho wa kitabu cha dagaa kilichofungiwa karanga Mwanga

Wakuu wa jukwaa hili, salaam. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Nimekaa na hii story tangu kabla ya mfungo, nimeona nisipoitoa nitapasuka. Sio chai, ni ukweli mtupu. Anayeijua Mwanga, Bangwe na Ujiji atanielewa haraka. Ambaye hajawahi kufika Kigoma twende naye taratibu tu.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi friji. Kijiwe changu kipo Mwanga, nyumbani ni Katubuka. Nina mke, nina binti wa darasa la pili, na nina ugonjwa mmoja: vitu vya zamani.

Redio za mbao, chupa za chai zenye maua, pasi za mkaa, saa za ukutani za kuvuta kwa funguo, vyote ninavyo. Ila kinachonimaliza kabisa ni vitabu vya picha vya watoto. Vile ambavyo karatasi imeshageuka rangi, na kwenye picha ya mbuzi kuna alama ya kidole cha mtoto aliyekuwa anakula embe. Nikishika kitabu cha hivyo nasahau hadi simu ya mteja.

Najua mnachotaka kuandika huko chini. "Jitu zima na midevu linasoma vitabu vya watoto." Andikeni tu, mke wangu ameshasema yote. Siku moja nilimsikia akiongea na dada yake kwenye simu: "Wenzangu wanafumania michepuko, mimi nimemfumania na kitabu cha sungura."

Tuendelee.

Kuna mama anauza karanga za kukaanga jirani na kijiwe changu, anaitwa Mama Jeni. Ni Muha wa kweli, kila asubuhi lazima anisalimie "mwakeye" ndipo anipimie. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku, karanga, bagia na vitumbua huku vinafungwa kwenye karatasi. Kuna watu kazi yao ni kupita mitaani wakinunua daftari na vitabu vikuukuu kwa kilo, halafu wanawauzia kina mama wa sokoni.

Basi siku hiyo nimekula karanga, nimemaliza, nataka kutupa karatasi. Nikaikunjua.

Wakuu, nilisimama palepale.

Ilikuwa picha iliyochorwa kwa mkono, rangi za nta na wino. Ziwa usiku, mtumbwi juu, karabai inawaka, na dagaa kibao wanapanda kuifuata ile taa. Chini kabisa kuna dagaa mmoja mdogo, macho makubwa, amebaki peke yake. Maneno yameandikwa kwa mwandiko ule wa walimu wa zamani, herufi zimenyooka kama zimepigiwa rula:

"Mama, mbona kila anayekwenda kwenye taa harudi?"

Kwenye kona kuna namba 4. Nyuma yake ni kalenda, ina tarehe za mwaka ambao mimi nilikuwa bado natambaa.

Kwa wasiojua uvuvi wa huku: dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwa taa. Giza likiingia wavuvi wanawasha taa, dagaa wanaifuata, wavu unawasubiri. Mji mzima unakula kwa staili hiyo. Sasa mtu amekaa chini akamchorea mtoto dagaa anayeikataa taa. Hicho kitabu hakijachapwa popote. Kipo kimoja tu duniani, na kinachanwa kufungia karanga.

Nilitoka mbio hadi sandozi moja ikabaki kijiweni. Nikamkuta Mama Jeni ameshika kitabu chenyewe, anataka kuchana tena. Nikamshika mkono. Akanitazama kama nimechanganyikiwa.

"We fundi, niachie. Hiyo karatasi nzuri, haipitishi mafuta."

Nikamwambia nakitaka chote. Nikamwachia rundo la magazeti yangu ya kijiweni, akakubali huku anacheka. Jalada lilikuwepo, la manila, limeandikwa "Dagaa Aliyekataa Taa". Kimeshonwa kwa nyuzi za kushonea nyavu. Nikahesabu namba: moja mpaka tatu zipo, saba mpaka kumi na moja zipo, nne ninayo mkononi.

Hakuna tano. Hakuna sita.

Na mbaya zaidi, ukurasa wa kumi na moja unaishia hewani. Dagaa mdogo amefika mita chache kutoka kwenye taa, mama yake anamwita kutoka chini, rafiki zake wanamwita kutoka juu. Maneno yanasema, "Dagaa akasimama, akageuka, halafu..."

Halafu nini? Hakuna kitu. Nikajua ukurasa wa kumi na mbili umeshaondoka na karanga za mtu.

Wenzangu mnaokusanya vitu mnajua. Kitu kikipungua kipande kimoja hulali. Nikajiapiza kwamba hiki kitabu nitakikamilisha na kitakaa kabatini kwangu, mbele kabisa, nyuma ya kioo. Nafasi nikaitenga siku hiyohiyo.

Mama Jeni aliwakumbuka wateja wake wa asubuhi ile: fundi cherehani wa upande wa pili wa barabara, na mama mmoja wa Bangwe anayeanika dagaa.

Kwa fundi cherehani nilikuta ukurasa wa tano umewekwa chini ya mashine, una tone la mafuta. Nikaomba. Yule bwana hakunipa papo hapo.

"Huyu dagaa aliishia wapi?" akaniuliza.

"Sijui, natafuta."

"Mimi nimewasomea wateja wangu wote wa leo. Chukua, ila ukijua uje uniambie. Usipokuja, suruali zako utashona kwingine."

Bangwe ndiko nilikotoka jasho. Yule mama alikuwa ameugongomelea msumari ukurasa wa sita kwenye ukuta wa banda lake, eti dagaa amechorwa vizuri mpaka magamba. Hataki kuutoa. Nikabembeleza, nikapandisha sauti, nikashusha, wapi. Mwishowe akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema friji. Akanionyesha friza lake, limekaa bila kugandisha tangu mvua za mwanzo.

Nikavua shati. Kazi ya saa tatu nzima, kubadilisha thermostat, kile kidude kinachodhibiti baridi, na kuziba bomba lililotoboka. Friza likanguruma, mama akang'oa msumari. Nimerudi Mwanga nanuka dagaa, moyoni nina sherehe.

Ukabaki wa kumi na mbili tu.

Hapo wakuu niliumbuka. Siku mbili nzima nilikuwa kwenye lile jalala la nyuma ya soko nachambua karatasi. Wateja wangu wakapita wakaniona. Mmoja akampigia mke wangu kumuuliza kama nyumbani tuko salama. Mke wangu akajibu, "Ni vitabu tu, mwacheni." Sikupata kitu.

Ndipo nikaona, ndani ya jalada, kwa maandishi madogo: Bi Zaituni, Chekechea, Ujiji.

Nikapata wazo la kijanja. Kama yupo hai, atanichorea ukurasa wa kumi na mbili upya, kitabu kinatimia. Kesho yake nikachukua boda mpaka Ujiji, kitabu nimekifunga kwenye kitambaa ndani ya begi. Kule mfungo ulikuwa umekaribia, watu wanapaka chokaa nyumba na kutoa mazagazaga nje. Nikauliza Bi Zaituni mwalimu wa chekechea, mtu wa tatu tu akanipeleka mlangoni.

Bibi wa watu yupo, mwembamba, miwani mizito, amekaa kwenye mkeka barazani anachambua mchele. Nikampa shikamoo, nikajitambulisha, nikasema nasikia aliwahi kuchora kitabu cha dagaa.

Uso wake ukafunguka, wakuu. Akasema alichora kwa sababu shule haikuwa na kitabu hata kimoja, akaomba kalenda kuukuu madukani na nyuzi kwa washona nyavu. Kimesomwa na watoto wa miaka na miaka. Kila Ramadhani wajukuu wakifuturu kwake anakitoa, anawasomea.

"Ngoja ukione. Mama Rehema, niletee kile kitabu kwenye sanduku la bati."

Mama Rehema ni mkwe wake. Alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya chokaa. Nilimuona anavyopauka. Hapo nikaelewa kila kitu. Wakati wa usafi, mama wa watu alitoa makaratasi ya sandukuni bila kuyachambua, akamuuzia mmoja wa wale wanunuzi wa kilo. Hakuwa na nia mbaya, nyumba zote za mtaa ule zilikuwa zinafanya hivyohivyo.

Akaingia ndani. Akakawia. Akarudi mikono mitupu, ananitazama mimi, maana nadhani aliona begi langu nilivyolikumbatia.

Hapo nikawa na vita yangu. Nikinyamaza, naondoka na kitabu. Hakuna ajuaye. Kabatini nafasi ipo. Nimekitolea jasho, nimechambua jalala. Na upande mwingine kuna bibi amenyoosha mkono anasubiri kitu chake.

Niliwaahidi ukweli: nilinyamaza. Nilinyamaza muda mrefu kuliko inavyotakiwa kwa mtu mwenye akili timamu na mtoto wa kike nyumbani.

Halafu nikafungua begi.

"Bibi, kiko kwangu. Mama Rehema alinipa nikishone, kurasa zilikuwa zimelegea."

Uongo mtupu, nilitaka tu kumsitiri yule mama. Bibi akakipokea, akakisogeza karibu na uso kwa sababu ya macho yake. Akanusa.

"Mbona kinanukia karanga?"

Wakuu, uongo wangu ulidumu nusu dakika.

Mama Rehema alipiga magoti pale barazani akasema yote. Na mimi nikasema yangu: Mama Jeni, fundi cherehani, friza, jalala. Bi Zaituni akainama, akawa anapitisha kidole kwenye tone la mafuta la ukurasa wa tano. Nikadhani analia. Kumbe anafikiria swali.

"Hao waliofungiwa karanga, walisoma au walikula tu?"

Nikamwambia kuhusu fundi cherehani aliyewasomea wateja wake, na kwamba amenitishia kuhusu suruali nisipomletea mwisho wa hadithi. Nikamwambia kuhusu msumari wa Bangwe. Bibi alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho kwa ncha ya kanga. Akamwambia Mama Rehema anyanyuke, chokaa inakauka.

Ndipo nikatoa shida yangu. Nikamwomba radhi kwamba ukurasa wa mwisho nimeutafuta kila mahali nikaukosa.

"Upi?"

"Wa kumi na mbili."

"Sijawahi kuuchora huo."

Akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Alikuwa akifika kwenye "halafu", anafunga kitabu, anampa kila mtoto karatasi na penseli, amalizie mwenyewe. Ndio lilikuwa somo. Watoto wa mafundi na wa wenye maduka walimrudisha dagaa kwa mama yake. Watoto wa wavuvi, wote bila kukosa, walimkaanga akaliwa na ugali.

Michoro ile watoto walikwenda nayo majumbani. Hakubaki na hata mmoja.

Mimi huyu nimechambua jalala siku mbili kutafuta kitu ambacho kila mtoto aliondoka nacho mkononi.

Nikaanza kuaga. Kitabu nimeshakubali kwamba kinabaki, kinauma lakini ni chake. Bibi akanizuia. Akatoa karatasi nyeupe na penseli, akaniwekea juu ya ungo uliogeuzwa.

"Kaa. Chora."

Nikasema Bibi mimi ni mtu mzima. Akanitazama kwa jicho la mwalimu, nikakaa. Mikono inayoshika gesi na nyaya kila siku ikashika penseli kama bisibisi. Nilihangaika kama dakika ishirini, dagaa wangu ametoka kama ndizi. Nikafika kwenye taa, nikawaza kifundi. Nikaipaka nyeusi. Nikaandika chini: "Halafu taa ikazimika. Betri imekwisha."

Bi Zaituni aliusogeza ule mchoro karibu na uso. Akasema wakati wake hakukuwa na taa za betri. Akasema tena, polepole, kwamba miaka yote ile, watoto wote wale, walimkaanga na walimrudisha, lakini hakuna hata mmoja aliyefikiria kuizima taa.

Akaingiza mkono chini ya mkeka, akatoa kalamu nyekundu. Akaniwekea vema kubwa, akaandika: "Vizuri sana." Nina miaka thelathini na nane, na niligeuza uso nikatazama barabarani ili asione machozi.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nakusanya vitabu kama mtu anayekusanya vyungu na hapiki. Kile kitabu hakikupungua kitu siku hata moja. Mimi ndiye niliyekuwa sijashiriki.

Fundi cherehani nimeshampelekea majibu. Alikasirika kwanza kusikia hadithi haina mwisho, halafu akachukua chaki yake ya kitambaa akachora mwisho wake kwenye kipande cha kaniki. Wa kwake dagaa anaolewa. Nimekiweka kabatini, pale pale nyuma ya kioo, pembeni ya mchoro wangu wenye vema nyekundu.

Sasa naomba msaada wenu. Kama ulisoma chekechea Ujiji kwa mwalimu mwenye kitabu cha dagaa, mpigie mama yako leo, muulize kama alihifadhi ule mchoro wako. Kama ulimkaanga, sema tu usione haya. Weka picha hapa chini, nitampelekea Bi Zaituni Ijumaa, amesema anataka kuona nani bado hajasahihishiwa.