Mwili wa Vidonge

Nilianza kunyanyua vyuma kwa sababu ya woga, na sioni haya kusema hivyo. Baba yangu alikonda miezi saba kabla ya kufa, na katika mtaa wetu wa Kabondo, hapa Kisangani, mtu akikonda watu huacha kumwuliza hali na kuanza kuulizana wao kwa wao. Mimi nimerithi mifupa yake. Mwalimu wa fizikia, miaka thelathini na mmoja, shati linapepea mabegani. Kila malaria iliponipunguza kidogo, mama alinitazama kwa jicho lililonikatisha hamu ya chakula, na hapo nikazidi kukonda.

Basi nikajiunga na kilabu. Naiita kilabu kwa heshima tu: ulikuwa ua wa fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, ekseli ya lori lililokufa kwenye barabara ya Bafwasende, na makopo ya maziwa ya unga yaliyojazwa saruji. Fundi tulimwita maître. Alitufundisha kuchuchumaa na ekseli mabegani mpaka mapaja yatetemeke, kisha akatuamuru kwenda kula. Mama alipika kana kwamba analisha kambi nzima ya wanajeshi ya Kapalata: lituma, yaani ndizi za kupondwa, maharage, karanga, samaki mkavu kutoka Isangi, viwavi vya msituni msimu wake ulipofika. Nilikula mpaka nikaichukia meza. Baada ya miezi minne mikono yangu ilikuwa imeongezeka kiasi cha kuonekana na mimi peke yangu.

Ndipo mwenzangu wa kilabu, dereva wa pikipiki, akanipa karatasi iliyokunjwa yenye vidonge vidogo vyeupe.

"Yaya," akaniita, yaani kaka mkubwa, "hii inafungua hamu. Moya asubui, moya mangaribi. Utaona."

Sikuuliza ni dawa gani. Mimi, ninayewafokea wanafunzi wakiandika jibu bila kuonyesha njia! Nilimeza, na kweli nikaona. Njaa ilinishika hata darasani. Mashavu yakajaa, shingo ikajaa, shati likabana. Mtaa mzima ulinisifu, na wale waliokuwa wakinong'ona sasa walinisalimia kwa mikono miwili. Nilipoishiwa vidonge nilinunua vingine sokoni, vikihesabiwa kutoka kwenye kopo lisilo na jina. Mama hakujua. Jumapili moja alisimama mbele ya kanisa na beseni la ndizi kichwani, akamshukuru Mungu kwa mwili wa mwanawe. Nilikaa kwenye benchi nikiangalia viatu vyangu.

Woga wenyewe, ule wa kweli, ulinikuta chini ya ekseli. Nilichuchumaa kama kawaida, uzito niliouzoea, nikaamrisha miguu iinuke. Haikuinuka. Haikuuma, haikutetemeka, ilikataa tu. Maître na mwingine wakaniondolea chuma mabegani, wakacheka, wakasema nimekula sana. Mimi sikucheka. Hata bila chuma nilisimama kwa kujisukuma na mikono, kama mzee. Jioni ile nilibonyeza muundi wangu kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Nikafunika na suruali haraka, nyumbani kwangu mwenyewe, peke yangu.

Nikatupa vidonge vyote chooni. Nilidhani hiyo ndiyo busara. Siku ya nne nilianguka mbele ya ubao, nimetapika, jasho baridi, wanafunzi wakipiga kelele.

Muuguzi wa kituo cha afya, mwanamke mnene asiye na subira, alinipa sindano na kunitundikia maji. Nilipopata nguvu ya kusema, alinitoa siri yote kwa maswali matatu.

"Hii ni dawa ya watu wa pumu, mwalimu. Unene yako yote iko maji. Misuli, dawa ilikula. Na mwili ilisha sahau kutengeneza dawa yake yenyewe, ndiyo maana uliacha tu, ukaanguka. Alors, utarudilia kumeza, lakini mimi ndiye nitapunguza, polepole. Usicheze."

"Na mwili itakumbuka?"

"Kwa wengi, ndiyo." Akarekebisha mpira wa maji. "Kwa wengine, hapana. Hao, malaria moya tu inaweza kuwabeba."

Nyumbani nilisema ni uchovu. Wiki zikapita, robo kidonge kwa robo kidonge, na uso wangu ukaanza kushuka. Mashavu yakaenda, mifupa ikarudi. Niliogopa kila asubuhi kwa pande mbili: naogopa kuamka sina nguvu, naogopa macho ya mama. Alizidisha karanga. Aliacha kuimba akipika. Mtaani, salamu zikarudi kuwa za mkono mmoja.

Siku moja alasiri aliweka sahani mbele yangu, akabaki amesimama, kitambaa cha jikoni mkononi.

"Mutoto yangu, unaenda njia ya papa yako. Sema tu. Niko mama yako."

Sikuweza tena kumficha.

"Hapana, mama. Haiko ugonjwa ya papa. Ilikuwa vidonge. Nilikuwa nameza vidonge vya kunenepesha, na sasa naviacha."

Akaisogeza sahani pembeni.

"Donc nilisimama mbele ya kanisa, nikashukuru Mungu juu ya vidonge?"

"Ndiyo, mama."

"Na haiko ile ya papa?"

"Haiko."

Akakaa chini, akafunika uso kwa kitambaa, akaanza kucheka huku analia, akinipiga paja na kuniita mjinga, mjinga, mjinga wangu. Sijawahi kumwona na furaha ile tangu baba aondoke. Maneno ya mwisho ya muuguzi, yale ya malaria moja tu, yalikuwa mdomoni mwangu tayari. Nikayameza, nikamwacha acheke.