Kaseti ya Nyanya na Mawe Yaliyochoka

Juzi nilikuwa chumbani kwangu kule mtaa wa Fedha, mahali ninapotungia na kurekodi muziki wangu bila kampuni wala bosi, nikiongeza kasi ya sauti ya mwimbaji mmoja kwenye kompyuta. Sauti ikawa nyembamba kama ya mtoto, nami nikacheka peke yangu mpaka nikaacha kazi nikaenda kuchemsha chai. Watu huniuliza nilisomea wapi mambo haya ya midundo ya mashine, nami huwajibu vivi hivi tu, ilimradi waondoke. Wewe ni rafiki yangu, nikwambie ukweli: nilisomea mtaani Makadara, kwenye kibanda cha fundi wa redio.

Fundi huyo alikuwa jirani yetu katika zile nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji. Kibanda chake kilinukia waya zilizoungua na chai ya tangawizi. Chini ya meza alikuwa na kinanda kidogo cha umeme, ambacho mteja mmoja alikileta kitengenezwe kisha akapotea moja kwa moja. Vitufe vitatu vilikuwa vimekufa, ila midundo iliyotiwa ndani kiwandani ilikuwa hai, na mmoja ulioitwa disko ulinitia wazimu. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, na nilijiona mtunzi kamili.

Fundi alinifunza kurekodi kwa redio mbili za kaseti. Ya kwanza inacheza mdundo, wewe unapiga kinanda juu yake, na ya pili inanasa vyote kutoka hewani. Kwa hiyo chochote kilicholia mtaani kiliingia humo humo: mashine ya kusaga posho, watoto wakiruka kamba, mama yangu akimkemea muuza sukuma wiki. Adhana ilipoanza, fundi alizima kila kitu. "Ngoja, binti," aliniambia. "Mungu kwanza, disko baadaye."

Mwaka huo nyanya yangu, mzaa mama, alikuja kutoka magharibi kutibiwa macho, akakaa kwetu wiki tatu. Nyumba ikabadilika harufu. Asubuhi ilikuwa uji wa wimbi, jioni mboga ya mrenda na samaki mkavu. Alasiri alikaa kizingitini na ungo mapajani akichambua mboga, na mikono ikishashika kazi, wimbo ulimtoka wenyewe. Ulikuwa wimbo wa kupepetea nafaka, wa taratibu, kwa sauti nzito iliyokwaruza kidogo mwisho wa kila mstari. Niliipenda sauti hiyo kuliko kitu chochote pale nyumbani. Nikaapa kwamba hatarudi kwao kabla sijaitia kwenye kaseti, kisha niiwekee disko chini yake.

Tatizo ni kwamba ndani ya nyumba hakuimba, na waya wa stima, yaani umeme, haukufika kizingitini. Nikaazima redio ya betri kwa fundi. Mawe yake, ndivyo tulivyoziita betri, yalikuwa yamechoka, basi nikafanya kama walivyofanya watu wote mtaani: nikayauma kwa meno moja moja, nikayaanika juani kutwa nzima. Ijumaa, siku moja kabla ya safari yake, nikaiweka redio kando ya ungo.

"Na hii ni ya nini, mjukuu wangu?"

"Ni ya kukusikia ukishaenda, Kukhu," nikamjibu, nikimwita nyanya kwa lugha ya kwao.

Alicheka, akaimba mpaka mboga zikaisha. Sikuthubutu kuirudisha kaseti nisikilize, nikiogopa kuyamaliza mawe. Jumamosi asubuhi tukamsindikiza hadi kwenye basi, na kusema kweli sikuhuzunika sana, kwa sababu nilijua ninaye mfukoni.

Jumatatu nilitoka shule mbio hadi kibandani. Fundi akaitia kaseti kwenye redio kubwa ya stima, na humo akatoka msichana mdogo akiimba haraka haraka, sauti nyembamba.

"Wee! Huyu si nyanya," fundi akasema. "Huyu ni mtoi wa nasari, mtoto wa chekechea!"

Nililia kwa kwikwi. Alipoona si mchezo, akanieleza: mawe yalikuwa yamechoka, kaseti ikazunguka polepole ikinasa; sasa stima inaizungusha sawasawa, kwa hiyo nyanya naye anakimbia. Tukajaribu kuyarudisha yale mawe ili kaseti izunguke polepole tena. Yalikuwa yamekufa kabisa, hayakuzungusha chochote. Nikamwambia fundi aifute kaseti yote, sitaki kuiona tena.

Hakuifuta. Alinipa chai, akawasha kinanda, akabonyeza disko. Yule msichana wa kwenye kaseti akaingia kwenye mdundo kana kwamba walikuwa wamefanya mazoezi pamoja. Fundi akaanza kutikisa kichwa, mimi nikafuta kamasi nikashika vitufe, na redio ya pili ikanasa vyote kwenye kaseti nyingine. Huo ndio wimbo wangu wa kwanza, na mpaka leo sijui kama nimewahi kutunga ulioushinda.

Desemba tukaenda mashambani kwa nyanya. Baada ya chakula nikaweka kaseti ya wimbo huo kwenye redio ya mjomba, yenye mawe mapya. Nyanya akasikiliza, kichwa kimeinama.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

"Ni wewe, mama," mama akamjibu.

Akaomba irudiwe. Mara ya tatu akaanza kuimba naye, sauti yake nzito chini, ya msichana juu, wajukuu wote wakicheza disko uani na kuku wakikimbia. Wimbo ulipokwisha, alipangusa macho yake mabovu kwa ncha ya leso. "Huyu nilikuwa nimemsahau," akasema. "Atabaki na mimi."

Nilikuwa na kaseti hiyo moja tu, kwani ile ya kwanza ilikwisha kutafunwa na redio ya fundi. Fundi hakuwa amenakili, na mimi nilikuwa nimeahidi kuwasikilizisha wenzangu shuleni. Nilitaka kukataa. Lakini nikaitoa kwenye redio nikamwekea mkononi, na niliumia hasa.

Nyanya alishafariki, na kaseti haikuonekana kwenye sanduku lake. Kibanda cha fundi kilivunjwa, na siku hizi hakuna anayeanika mawe juani. Nina kompyuta iliyojaa sauti za watu, lakini ya nyanya sina hata sekunde moja. Sijutii. Ilikuwa yake, nami nilimrudishia angali hai.