Maji Aliyoyapuliza Baba

Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa vyungu. Kama umewahi kununua chungu cha huku ziwani, huenda kilipita mikononi mwangu. Kusoma nilijifunza misheni, misimu miwili tu, kwa hiyo nikikosea nivumilieni. Ukurasa huu nimeuandika mara tatu nikauchana. Ushuhuda wa ugonjwa wangu nilishautoa mara moja kanisani, na ule haukuwa mzima.

Ugonjwa ulianza nilipozaa mtoto ambaye alikuwa amekwisha kufa. Siku ya tatu maziwa yakaja. Yalijaa, yakauma, yakalowesha nguo, na wa kunyonya hakuna. Yalipokauka, nami nikakauka. Sikulala. Ndizi na usipa, dagaa wa ziwani, niliviweka mdomoni nikavitema. Sikuoga, nikanuka, chawa wakaingia kichwani, na sikuona sababu ya kuwatoa. Nikishika udongo, vidole havikujua la kufanya. Kulia sikulia.

Mama mkwe wangu, mwenye ulimi mkali na moyo laini, alisimama mlangoni akasema, "Hata chungu kikipasuka kinatoa mlio. Wewe mwenzetu unapasuka kimya kimya, tukusikieje?"

Akaniletea mizizi kutoka kwa mganga. Nikainywa, nikaharisha siku mbili. Kisha mume wangu akanipakia mtumbwini mpaka misheni. Palikuwa na mama mmoja wa Kidachi, yaani Mjerumani, anasema Kinyakyusa cha kuchechemea. Hakunipa dawa. Kila asubuhi alikaa nami barazani, akaniuliza lile lile: "Mtoto alikuwaje?" Wiki nzima nilinyamaza. Asubuhi moja nikajibu, "Alikuwa na nywele nyingi." Hapo nikalia mpaka kamasi zikaingia mdomoni. Yeye naye alilia, kisha akanipa aproni yake nipengee.

Nilirudi nyumbani nina nafuu, ila usingizi bado. Ndipo akaja baba yangu mzazi, aliyeitwa na mama mkwe. Baba alikuwa na hasira nami tangu mama alipofariki. Siku ile nilikuwa nimewasha moto wa vyungu, nikaona nimalize kwanza kuchoma, nikafika kaburi limeshafukiwa. Hakuwahi kunisema. Na kwetu, hasira ya mzazi ikikaa tumboni inamtia mtoto ugonjwa. Lazima itoke kwa mdomo.

Aliketi mbele ya watu akasema maneno haya, au karibu na haya: "Nilikasirika. Uliviona vyungu vikubwa kuliko mama yako. Nakula, nimekasirika. Natembea, nimekasirika. Leo naitoa." Akajaza maji mdomoni, akayapuliza chini, mbele ya miguu yangu.

"Ndaga, tata," nikamshukuru.

Nililala mpaka jua likanikuta kitandani. Mwezi haujaisha, nilikuwa nafinyanga.

Mwalimu wa kanisa akaniomba nishuhudie. Nikasimama, nikasimulia baraza ya misheni. Mizizi niliitaja kwa kuicheka, na watu wakacheka. Baba na maji yake sikumtaja. Nataka hili lieleweke: hakuna aliyenikataza, si mwalimu, si yule mama wa misheni. Niliona haya mwenyewe. Nilikuwa nimebatizwa juzi juzi, nikaogopa wataniona bado niko kule kule kwenye mila.

Haikupita muda, rafiki yangu Tupokigwe, binti wa kijiji cha Ngonga, akashikwa na hali kama yangu. Usiku halali, chakula hali. Mumewe alinikuta nimeketi na udongo.

"Dada, wewe kilikuponya nini hasa?"

"Kuongea na yule mama."

"Wazee wanasema nimwite baba yake. Tangu nimwoe binti yake bila ridhaa ya mzee, hajakanyaga kwangu. Kwako alikuja mtu kusema la moyoni?"

Niliendelea kulainisha mdomo wa chungu. Nikasema, "Mpeleke misheni tu."

Akampeleka. Yule mama alimfanyia yote aliyonifanyia mimi, pengine zaidi. Tupokigwe aliongea, akalia, akazidi kukonda. Nilikwenda kumwona mara mbili, na mara zote mbili niliondoka bila kumwambia habari ya maji ya baba. Mvua zilipoanza, alikufa.

Nilikwenda Ngonga kuhani. Baba yake alikuwa ameketi nje, matope ya shambani yamemkaukia miguuni. Nikamweleza yote, na yale ya baba yangu, na nilivyomjibu mkwewe. 

"Ungesema tu, mwanangu," akasema. "Ningekuja."



Sasa nisije nikaongopa na upande wa pili. Hata baba yake angekuja, sijui kama Tupokigwe angepona. Mfinyanzi akibadilisha udongo, kivuli cha kuanikia na nyasi za kuchomea, vyote kwa mara moja, na chungu kikatoka kizima, hawezi kujua kimeokolewa na nini. Mimi nilipewa mizizi, baraza na maji ya baba, na siku zenyewe nazo zilipita. Nikachagua kimoja, kile kisichonitia aibu, nikawapa watu kama ninayejua.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, mama mkwe, yule mama wa misheni, baba, hata mganga na mizizi yake ya kuharisha. Nawe uliyelala ukiwa hutaki kula, jipe moyo: nilikuwa hapo ulipo, na nimetoka. Utakapotoka, watu watakuuliza umeponaje. Wape yote, pamoja na unayoyaonea haya. Na usilolijua, waambie hulijui.

Jumapili iliyopita nilisimama tena kanisani nikayasema haya. Nilikuwa nimemwomba baba yake Tupokigwe aje, akaja, akaketi karibu na mlango. Nilipofika kwenye maji ya baba, yule mzee aliinuka akatoka.  Nikaendelea mpaka mwisho.