Kilatini cha Uani kwa Babu Kipriani

Upweke hauna zahanati. Angekuwa na malaria, Eliza angepimwa, akapewa vidonge, yakaisha. Lakini hili la kushinda kutwa nzima bila mtu wa kukuuliza umeamkaje, utamwambia daktari gani?

Mumewe, Ngolo, alikuwa ameswaga ng'ombe kwenda upande wa Ruangwa, huko Chunyu, wasije wakaingia mashamba ya watu msimu wa mvua. Eliza aliachwa kijijini Marambo na ng'ombe wawili wa maziwa na simu inayoshika mtandao ukipanda kichuguu. Kisimani wanawake walimsalimu vizuri tu, kisha wakaendelea na Kimwera chao asichokielewa, wakacheka, naye akabaki anatazama ndoo yake inavyojaa. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja, mwenyeji akapona, mgeni ndiye akaugua.

Kila asubuhi alimpelekea maziwa babu Kipriani, mgane, mwalimu mstaafu ambaye ujanani alisoma seminari kabla ya kuoa. Siku moja alimkuta anamfukuza kuku jikoni kwa maneno ya ajabu.

"Foras, gallina! Foras!"

"Babu, hicho Kimwera cha wapi?"

"Kilatini, mjukuu wangu. Namwambia kuku atoke nje. Zamani mke wangu alikuwa ananijibu, japo kwa kunitukana. Sasa anijibu nani?"

Eliza alicheka, akashangaa kuisikia sauti yake. Akasema, "Nifundishe, nitakujibu mimi."

Kitabu mchwa walishakila, kwa hiyo darasa likawa ua. Babu ananyoosha kidole, anataja. Eliza ananyoosha kidole, anarudia. Porta, mlango. Lac, maziwa. Maji ni aqua, ila mwanamke akiyabeba, femina aquam portat.

"Mbona maji yamebadilika?"

"Lugha zetu hubadilika kichwani. Hii hubadilika mkiani. Wewe tazama mkia."

Mtu wa ng'ombe hashindwi kutazama mkia. Hilo alilishika siku ileile, na babu akafurahi mpaka uji ukaungua.

Kilichomvuta Eliza wala si hao Warumi. Kiswahili chake watu walikicheka, Kisukuma, lugha ya kwao, hakikuwa na wa kukiitikia. Kilatini kilikuwa na mtu mmoja anayemsubiri kila asubuhi akiwa na neno jipya, na hilo lilimtosha kuamkia. Njiani kurudi nyumbani alinyooshea kidole kila alichokiona, akakitaja kwa sauti asije akasahau.

Ndipo akafika kwenye maboga ya Bi Hafidha, jirani yake. Yalikuwa machanga, hayajazidi ngumi. Eliza alisimama kando ya shamba, akanyoosha kidole boga hadi boga: cucurbita, cucurbita, cucurbita.

Jamani! Boga changa halinyooshewi kidole, litaoza. Ukitaka kulionyesha, kunja ngumi. Mtoto wa pale analijua hilo kabla hajajua kunawa. Babu Kipriani naye alilijua, Mmwera yule, ila kwa utamu wa kupata mwanafunzi hakukumbuka kumwonya mgeni. Mvua zikazidi, na wiki haikuisha maboga yakaanza kuoza.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Isihaka, aliwaita Eliza, Bi Hafidha na babu Kipriani barazani kwake, mbele ya wanakijiji. Bi Hafidha hakupiga kelele. Alizungumza taratibu, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Nilimwona kwa macho yangu. Ananyoosha kidole na kunuiza."

"Sikunuiza, mama," alisema Eliza. "Ni lugha tu."

"Lugha ya nani?"

"Ya Warumi wa zamani."

"Wako wapi hao?"

Eliza, kwa ukweli wake, akajibu, "Walishakufa."

Bi Hafidha akafunga vizuri ushungi wake. "Mmesikia wenyewe. Anazungumza na wafu, kwenye maboga yangu."

Mzee Isihaka akamgeukia Kipriani. "Mwalimu, huyu huja kwako kila siku. Wewe ndiye uliyemfundisha maneno hayo?"

Eliza alipumua. Sasa babu ataeleza kuhusu seminari na kuku, watu wacheke, yaishe.

Kipriani alitazama miguu yake. "Huyu huleta maziwa tu," akasema.

Lilimchoma Eliza hilo, lilimchoma kweli. Alimtazama babu, kisha akawatazama waliokaa barazani. Akaelewa. Hawa ndio watakaomuuguza mzee huyu na kumchimbia kaburi. Yeye mwenyewe, mumewe akipiga simu tu, kesho anahama. Angeweza kusema kweli, akabaki na mwalimu wake, na mwalimu akabaki bila majirani.

"Ni kweli," alisema. "Naleta maziwa, naondoka. Maneno yale niliyatunga mwenyewe, kwa kukosa wa kuongea naye. Bi Hafidha, nisamehe."

Mzee Isihaka alimwonya asirudie, Bi Hafidha akakubali radhi, kesi ikaisha kabla ya adhuhuri. Eliza alitoka wa kwanza, akakaza mwendo, babu asije akampata njiani na kumshukuru.

Maziwa anapeleka mpaka leo. Huyaweka kizingitini, hugonga mara moja, na babu akifungua humkuta keshafika mbali.