Verre ya Divai yenye Tonton Bertin Alikataa

Tonton Bertin banamulipa juu ya kushuku bantu. Najura! Eko sécurité mu immeuble moja ya bioo pale Schuman, mu quartier ya Ulaya ya Bruxelles, na kutoka asubuhi anasimama paka pembeni ya machine, anachunguza sakoshi za bantu. Ba-monsieur ba cravate, ba-stagiaire, bamama ba ménage, bote banapita mbele yake. "Badge, monsieur. Fungua sakoshi, madame." Anasemaka muntu akikuchekea sana asubuhi, sakoshi yake uangalie mara mbili. Na mu nyumba ni vile vile! Mama akipika samaki, tonton ananusa kwanza. Graciella akisema anaenda bibliothèque, tonton anauliza: "Bibliothèque gani inafunguaka dimanche, siku ya misa?"

Donc fikirieni: muntu wa kushuku bengine, siku moja familia nzima inaanza kumushuku yeye.

Ilikuwa deux mille quatorze. Tulikaa Koekelberg, troisième étage, ukitoka ku balcon unaona dôme ya Basilique kama sufuria kubwa ya kijani yenye banageuza chini juu. Tulikuwa bane: mama yetu Rolande, dada yangu Graciella, miye Océane, na tonton Bertin, mudogo wake mama, bote babili ba Lubumbashi. Papa yetu alikufa nikingali mudogo, donc tonton njo alikuwa mwanaume ya nyumba.

Tonton wa zamani, eeeh, bantu balimupenda! Fête haikuanza kama hajafika. Alicheza, alitania bibi za bantu, aliimba mu ascenseur. Bière mu frigo, bière mu sakoshi ya kazi, na bonbon ya menthe mu mufuko ya chemise, kila siku. Asubuhi alitapika, mama akasema ni estomac. Mikono ilitetemeka, mama akasema ni baridi ya Ulaya. Hakuna muntu alimushuku. Mwanaume anakunywa, iko nini ya kushangaa?

Halafu kisha Pâques akasema anaenda muji ya Liège ku formation, mafunzo ya kazi. Akarudia amekonda, macho meupe kama ya mutoto, na akaomba chai.

Chai! Tonton Bertin!

Hapo njo mashaka ilianza.

Nitawaambia kweli sasa hivi, juu sipendi story ya kuficha-ficha. Hakukuwa formation. Alikuwa mu hôpital, hapa hapa Bruxelles. Ku kazi mikono ilitetemeka mpaka akashindwa kushika badge ya muntu, akaogopa, akaenda kwa docteur. Docteur akamwambia: usiache pombe peke yako, ghafla hivi, mwili inaweza kuanguka, kuja tukuangalie. Akaenda. Kisha hôpital bakamuonyesha groupe moja kule Auderghem, mu salle ya paroisse, kila mardi, Jumanne, mangaribi. Bantu benye pombe ilibashika banakaa ku ba-chaise, banaongea, banakunywa kahawa. Kule alikutana na Cécile, Mubelge mukubwa wa miaka, zamani alikuwa anaendesha tram. Yeye aliacha pombe kitambo. Alimupa numéro yake: "Kiu ikikushika, Bertin, unipigie. Hata niko naoga, nitatoka."

Leo najua yote ile. Wakati ule hatukujua kitu. Na juu ya nini alificha? Juu ya mama.

Babu yetu wa Lubumbashi, baba yao, alikufa juu ya pombe. Na mama akiongea juu yake, anasemaka paka kintu kimoja, na sauti ya kukauka: "Papa alichagua. Kulikuwa chupa, kulikuwa batoto, akachagua chupa." Miye nilisikia ile maneno tangu niko mudogo. Tonton aliisikia mbele yangu. Unafikiri angesema vipi: dada, na miye niko kama yeye?

Bon. Mashaka sasa. Ya kwanza ilikuwa ya ugonjwa. Mama aliokota mu poubelle bracelet ya plastique, ile ya hôpital, na jina ya tonton juu.

"Liège banafundishaka sécurité na bracelet ya hôpital?" akamuuliza.

"Ni visite médicale ya kazi, dada."

"Mmm."

Ile "mmm" ya mama, hata police haina.

Mashaka ya pili ilikuwa ya dini. Graciella alisema tonton ameingia mu secte, juu muntu anaacha bière, anatoka kila mardi na chemise safi, harudi mbele ya usiku, ni nini? Miye nilisema labda anafanya danse de salon. Balinifukuza mu kikao.

Ya tatu, mbaya zaidi: Cécile. Simu ya tonton iliita juu ya meza wakati yeye anaoga, na jina ikatoka kubwa. CÉCILE. Mama akachukua.

"Allô, weye ni nani?" Alisema mu Swahili kwanza, kisirani ikishamushika. Halafu mu Français: "Vous êtes qui pour Bertin?"

Niliweka sikio karibu. Sauti ya mwanamuke mukubwa, polepole: "Une amie, madame. Ingine, umuulize yeye mwenyewe." Akakata.

"Umesikia?" mama akaniambia. "Une amie! Rafiki gani? Eko na mwanamuke Mubelge, na ni mwanamuke wa kiburi."

Tonton akatoka mu douche na serviette. Akaangalia simu, akaangalia mama.

"Ni muntu wa kazi."

"Wa kazi gani? Ya mardi?"

"Dada, uniache."

Na katikati ya mashaka yote ile, dot ya Graciella, mahari yake, ikafika.

Graciella alipenda Aristote, kijana mupole wa Ixelles mwenye familia yake inatoka Bukavu. Kwetu mu familia, siku ya kupokea dot, belle-famille, bantu ba kwa bwana, banaleta bintu, banaleta na divai. Bibi-harusi anamimina verre moja, anapiga magoti mbele ya noko yake, ni kusema kaka wa mama, anamupa. Noko akikunywa, ndoa imekubaliwa. Akiweka verre chini, bageni banabeba bintu yabo banaenda. Hakuna discours, hakuna explication. Ile verre njo inasema.

Na noko ni nani? Tonton Bertin.

Mumeona problème.

Ma-juma ile yote tonton alitembea mu nyumba kama muntu mwenye viatu inamubana. Mama aliona, akashuku tena: "Hapendi Aristote. Atatupatisha haya." Graciella akaanza kulia mu chumba yetu. "Océane, tonton hanitazamaki tena. Atakataa, najua atakataa."

Samedi ya dot ikafika, salon ilijaa mpaka bengine balikaa ku balcon. Papa Bienaimé, baba yake Aristote, alikuja na costume bleu na tumbo mbele. Mwanaume wa kicheko kubwa, lakini macho inatembea. Kule kwabo Bukavu bantu banaogopaka sana karuho, sumu ya siri yenye banasema muntu anaweza kukuwekea mu kinywaji. Donc mama alipoleta jus, papa Bienaimé alisema: "Mama, merci mingi, nimeshiba." Alikuwa hajakula kintu! Siye tunashuku bo, bo banashuku siye, na bote tunachekeana meno inje. Ambiance!

Graciella akatoka na pagne mupya. Akafungua divai ya bageni mbele ya bote, akamimina, akapiga magoti.

"Noko yangu, unywe, nipate kwenda."

Tonton alishika verre. Niliangalia mukono yake: haikutetemeka hata kidogo. Alikaa nayo hivi, mbele ya kifua.

Halafu akaiweka juu ya meza.

Weh! Shangazi wa Aristote akasema "Yesu!" Graciella akabaki chini, mudomo wazi. Aristote akasimama, akakaa, akasimama tena. Mama akashika meza.

Papa Bienaimé akacheka, lakini kicheko ya kukauka. "Bokilo, shemeji, iko nini? Unashuku divai yetu?"

"Hapana, papa."

"Unafikiri tumekuja na karuho mu Koekelberg?"

"Papa, hapana, hata..."

"Tazama basi." Papa Bienaimé akachukua ile verre, akakunywa nusu mbele ya bote, akafuta mudomo. "Niko muzima? Niko muzima! Sasa unywe."

Akamurudishia. Sasa njo ilikuwa mbaya zaidi, juu kuikataa mara ya pili ni kutukana muntu mbele ya batoto yake.

Tonton akaangalia verre. Nilimuona anameza mate. Halafu akasimama, akatoka ku escalier, verre mukono moja, simu mukono ingine.

"Anaita ule mwanamuke wake!" mama akasema, mu salon nzima. "Siku ya dot ya mutoto wangu!"

Nilikuwa karibu na mulango, nikasikia. Hakusema mingi. "Cécile, niko na verre mu mukono... Hapana. Hapana, bado... Oui, nimekula." Na mwisho: "Bon. Nitabaambia." Ni ile tu. Alipoingia, nilishangaa kuona divai ingali mu mukono yake, hata tone moja haikupungua.

Akapita kwa Graciella kwanza, akamusimamisha. "Mutoto wangu, Aristote ninamupenda. Ndoa ninaikubali. Ni pombe njo siwezi." Akageukia bageni. "Papa Bienaimé, niko mugonjwa wa pombe. Nilikuwa mu hôpital. Nikikunywa ile verre, kesho nitakunywa chupa, na kisha kesho mutakuja kuniokota. Siko nashuku divai yenu. Najishuku miye."

Shangazi wa Aristote akasahau hata Yesu.

Papa Bienaimé akakunja uso. "Ugonjwa? Bokilo, tuongee kama banaume. Muntu anakunywa ao anaacha. Ni kuchagua."

"Ile ya kwanza nilichagua, sitakuongopea. Nilikuwa kijana, ilikuwa tamu. Lakini niambie, papa: muntu anaweza kuchagua kutapika saa ya asubuhi, halafu anakunywa tena juu ya matapiko, paka juu mikono ikae kimya aweze kuenda kazi? Miye nilifanya ile. Kila siku. Nikalia mu toilette ya kazi, nikakunywa huku nalia. Nani anachagua vile?"

"Papa alichagua," mama akasema.

Alisema chini-chini lakini bote balisikia. Tonton akamugeukia.

"Dada, papa alikufa juu hakukuwa na hata muntu moja wa kupigia simu."

Mama alichukua kitambaa, akaanza kupanguza meza yenye ilikuwa safi.

Ni papa Bienaimé alituokoa, na munajua namna gani? Na mashaka yake! Alifikiri, akajikuna kidevu, akasema: "Bon. Verre lazima inywewe. Lakini haikuandikwa popote ni ya divai." Graciella akakimbia kuleta jus ya tangawizi mu cuisine. "Ah non," akasema papa Bienaimé, "ile ya hapa hapana. Itoke kwetu sisi bageni. Na ifunguliwe mbele ya macho yangu." Donc Aristote, na costume yake ya dot, akashuka mbio mpaka ku duka ya Mupakistani wa chini, akarudia na sucré, soda ya machungwa, na jasho. Baba yake akageuza kifuniko, akasikiliza ile "pssst," akasema: "Mumesikia bote? Ilikuwa imefungwa." Akaonja. Akangoja. Bote tukamuangalia kama ataanguka. Hakuanguka. Graciella akamimina, akapiga magoti tena.

Na tonton Bertin, Mungu wangu, akainusa kwanza!

Salon nzima ikapasuka na kicheko. Halafu akakunywa yote, mpaka chini, na bamama bakapiga bigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Mama hakupiga.

Mashaka yake haikuisha ile siku. Iliongezeka! Kila mangaribi alinusa kikombe ya tonton, alinusa pull yake, alifungua sakoshi yake ya kazi. Nilifikiri tonton atakasirika. Lakini yeye alimufungulia mwenyewe sakoshi, kama vile bantu banamufanyiaka pale Schuman. "Angalia, dada. Angalia na mu mufuko ndogo, pale njo nilikuwa naficha." Akamuonyesha kila fasi: nyuma ya machine ya kufua, mu viatu vya baridi, mu boîte ya ba-décoration ya Noël. Mama alikuwa hajui hata moja. Aliketi juu ya kitanda na ile boîte, akauliza: "Na papa? Unafikiri yeye alificha wapi?"

"Sijui, dada. Hatukumuuliza."

Mardi moja ya octobre mama akavaa manteau yake ya misa. "Océane, vaa viatu. Nataka kumuona huyu Cécile." Ku groupe ilikuwa jour ya kukaribisha ba-famille, tonton alikuwa amemualika mama mara mingi, akijibiwa paka "mmm". Tukaenda batatu na métro mpaka Herrmann-Debroux, kule Auderghem. Mama alishika sakoshi juu ya magoti.

Salle ya paroisse ilikuwa ndogo, ba-chaise ya plastique, radiateur inanuka vumbi. Cécile alikuwa mufupi, na mvi, na viatu ya kutembea mu forêt. Mu akili ya mama hakuwa tena mwanamuke wa tonton, hiyo niliona palepale. Alikuja direct mbele yetu na tasse ya kahawa, akamupa mama kwa mikono mibili, juu tonton alikuwa amemufundisha.

"Vous êtes la grande sœur," akasema, weye njo dada mukubwa.

Mama alipokea. Akaangalia Cécile. Akaangalia tonton, mwenye alikuwa anasimama hapo. Akainamisha kichwa, akanusa ile kahawa muda murefu, kushoto, kuume.

Halafu akakunywa.