Misri ya Baba

Kwetu Ikonge kaburi halifukiwi mpaka mkubwa wa ukoo ataje njia. Vijana wanasubiri na majembe, naye anataja mahali tulipopita: Misiri, Mlima Elgon, Kisumu, Kano, Kabianga, Manga, halafu hapa. Akimaliza anatupa konzi ya kwanza ya udongo. Kwa miaka mingi mkubwa huyo alikuwa baba yangu, na hakuwahi kuruka hata kituo kimoja.

Mimi ni mwalimu wa historia mjini Kisii, na kutulia sikujaliwa. Neno lile la kwanza, Misiri, yaani Misri, lilinikera. Likizo moja, wenzangu wakichuma chai, nilijifungia na vitabu vya kuazima nikakuta jina limetembea kutushinda sisi. Waswahili walilipata kwa Waarabu, wanaosema Misr. Waebrania walikuwa na Misraimu yao, na kabla yao wafalme wa Babeli walikuwa wameshaliandika kwenye vibao vya udongo. Wenye nchi hawakulitumia kabisa! Wao walisema Kemet, nchi nyeusi, kwa udongo ulioachwa na mto. Wagiriki nao wakaibandika nchi nzima jina la hekalu moja, na humo ndimo Wazungu walimotoa Egypt yao.

Ningeishia hapo ningekuwa na amani. Lakini mdomo wangu huu! Nilimwambia baba mezani, akila ugali wake wa wimbi, kwamba Misiri yetu huenda iliingia na Biblia. Wazee walisikia habari za Waisraeli wakajiweka kwenye safari ile. Nilisema kama ninayesahihisha mtihani.

"Kwa hivyo sisi tulitoka wapi, mwalimu?" aliniuliza.

Nikamjibu kwamba kabla ya Kano hakuna anayejua kwa hakika. Akanawa mikono chakula kikiwa nusu, akatoka kwenda kwenye chai yake, na mvua ilikuwa inanyesha.

Haukupita muda mrefu, baba mdogo akafariki. Siku ya mazishi baba alisimama kando ya kaburi, akaegemea fimbo, akaanza na Kano. Watu wakatazamana. Shangazi, dada yao, akamuuliza kama amesahau Misiri.

"Mwalimu amesema hatukutoka huko," baba akasema, wala hakupaza sauti.

Nilitamani ardhi inimeze. Mtu alizikwa na safari nusu, na mimi ndiye niliyeikata.

Tangu hapo sikukaa. Kila Jumapili nilipanda Ikonge na mkate na sukari, nimwombe radhi. Kila nikianza, baba alinieleza habari za ng'ombe, na fuko anayemharibia migomba. Nikimwambia vitabu navyo havijui kila kitu, ananijibu kwamba nilisoma vizuri. Afadhali angenitukana. Basi nikaamua kumtafutia ushahidi. Nilipanda boda boda hadi Manga, nikateremka Nyacheki, nikauliza wazee wa koo nyingine, na kila mmoja alianzia Misiri bila kupepesa macho. Nilijaza daftari. Nilijidanganya kwamba daftari likijaa ndipo nitampelekea. Kwa nini sikumpelekea ukurasa mmoja tu? Mpaka leo najiuliza.

Nilikuwa Nyacheki, kwenye benchi la mzee mmoja, kalamu mkononi, simu ilipolia. Baba alikuwa ameanguka kwenye chai asubuhi ile, na hakuamka.

Tulimzika nyumbani. Vijana wakasimama na majembe. Mkubwa sasa alikuwa shangazi, na macho yote yakamwelekea. Yeye akanitazama mimi.

"Wewe ndiwe uliyemnyamazisha," akasema. "Taja."

Daftari lilikuwa kwenye mkoba wangu. Sikulitoa. Nilisema Misiri kwa sauti ya kukwaruza, nikasema Mlima Elgon, Kisumu, Kano, Kabianga, Manga, na nilipofika Ikonge nilikuwa nalia kama mtoto. Nikatupa konzi ya udongo. Vijana wakaanza kufukia.

Watu walidhani nimemaliza. Nikapita katikati yao, nikavuka ua hadi boma la pili, kwenye kaburi la baba mdogo ambalo lilikuwa limeshaota nyasi. Nikachota udongo pembeni yake, nikaanza upya na Misiri.