Mpini wa Kisu cha Mama

Nilitengeneza mpini wa kisu kwa jiwe. Nasema mapema ili mtu asinidhanie fundi. Sisi watu wa Kisii, mgeni akija tunamwonyesha mawe yetu laini yaliyochongwa yakawa vifaru na sahani. Mimi nikaona kwamba kitu kilichokubali kuwa kifaru hakiwezi kukataa kuwa mpini.

Kisu kilikuwa cha mama. Bapa lake lilitokana na springi ya gari, chuma kimoja kutoka ncha hadi kitako, na mpini ulikuwa vibao viwili vya mti vilivyobana kitako hicho kushoto na kulia. Vibao vikaoza kwa maji. Mama akazungushia chuma utepe wa tyubu ya baiskeli, akaendelea kumenya ndizi, hadi vidole vyake vilipoanza kukakamaa na kisu kikawa kinamponyoka.

Hapo ndipo dada yangu aliyeolewa Nyansiongo alipotoa hukumu: mama akishindwa kumenya ndizi zake mwenyewe, atakuja kumchukua wakaishi pamoja. Alisema kwa upendo, na kwake maziwa hayakauki. Lakini kwetu mama hawezi kulala katika nyumba ya mkwewe. Hata chai huinywea mbali kidogo.

"Nitalala wapi, tata?" mama aliniuliza. Tata ni baba, na ndivyo akina mama wa huku wanavyowaita wana wao wa kiume, hasa wakiwa na shida. "Nilale na ng'ombe?"

Ndugu zangu wengine wako mijini. Mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Nimewapa watu sababu nyingi za kubaki, zote za heshima, ila ukweli ni kwamba sipendi kutoka. Basi nikasema nitatengeneza vibao vipya.

Vya jiwe nilivikata kwa msumeno wa chuma, nikavisugua kwa msasa na maji mpaka vikang'aa kama sabuni iliyolowa. Kutoboa kulikuwa rahisi. Nikapitisha vipande vya waya mnene wa shaba, nikaanza kugonga ncha zake zipanuke zishike. Nilikuwa bado najipongeza wakati kibao kilipopasuka katikati.

Mama alikuwa mlangoni pa jiko lake. "Usihuzunike," akasema. "Ungekibandika juu ya kaburi langu, kingependeza."

Nikahamia kwenye mpera, mti tunaotilia majembe mipini. Kulikuwa na kipande kilichokaukia darini, juu ya moshi. Mpera mkavu haucheki na mtu. Nilichonga, nikapiga tupa, nikasugua, kiuno kikaniuma hadi nikawa nainuka kwa kushika ukuta. Huwezi kulalamikia kiuno kwa kuketi kwenye kigoda mbele ya watu wanaotoka kuchuma chai. Nilipobana vibao na kushika kisu, kilikaa mkononi vizuri ajabu. Mkononi mwangu. Mama alikishika kidogo, akanirudishia.

"Hiki ni cha mwanamume," akasema. "Mwanamume gani anamenya, sijui."

Nilimaliza kidato cha nne, lakini hakuna somo lililoniambia kwamba mkono wa mama yangu si wangu. Ilibidi nife moyo kwanza, nikae na chakula mbele yangu bila hamu, ndipo nikaona jinsi ugali wa wimbi unavyoshika alama ya vidole ukipoa. Nikamwomba afumbate tonge kubwa kama anavyoshika kisu.

"Chakula si cha kuchezea, tata."

"Fumbata tu, mama."

Alifumbata. Tonge lilipokauka nililiweka kando yangu na kulitazama kila nilipotia tupa. Alama za vidole viwili zilizama sana, cha tatu kiligusa tu, kidole kidogo hakikuacha alama yoyote. Nilianza upya, nikinenepesha pale alipokosa nguvu na kuchimba pale alipoegemea. Vibao vilivyotoka vilikuwa na sura ya kiazi kitamu. Mama alivishika, vidole vikaenda mahali pao. Hakushukuru. Aliuliza ndizi ziko wapi.

Jumapili dada akaja. Jirani yetu pia alikuwepo, mwanamke mmoja wa upande wa ziwa anayeuza samaki sokoni Nyakoe, alikuwa ametuletea mboga. Mama akaketi nje ya jiko na beseni lake, akamenya huku dada akimtazama. Kisu hakikumponyoka hata kidogo. Nikaanza kupumua. Lakini alipofika kama nusu ya beseni alikiweka kisu magotini, akaufungua mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kidole baada ya kidole, kama anafungua fundo.

"Kisu ni kizuri," dada akasema polepole. "Siku mkono ukikataa kabisa, nani atamenya?"

Mama alitazama beseni. Mimi nilitazama vibao vyangu, nikawaza kwamba upande mmoja ningeupunguza kidogo. Mwanamume aliyetahiriwa haingii jikoni kwa mama yake kushika kazi za huko. Hilo nilifundishwa nikiwa mdogo, na sikuwahi kulihoji kwa sababu lilinifaa. Jirani, ambaye si wa kabila letu, hakuwa na habari na hayo, au alikuwa nazo na hakujali. Alinitazama tangu viatu hadi kichwa.

"Shemeji, siku hizi zote unachonga mpini. Si ungemenya tu?"